Bumu na Siku Sitini

Shilingi 10,000 kwa siku ndicho kiasi ambacho Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu nchini Tanzania humhesabia mwanafunzi kwa chakula na malazi, tangu kiwango hicho kilipopandishwa kutoka 8,500 katika mwaka wa masomo wa 2022/23. Na lau angepewa noti yake moja kila siku, kama kibarua apewavyo ijara yake jua likishuka, yasingekuwapo mengi ya kuandika hapa. Lakini hapewi hivyo. Aliyekubaliwa kamili hupewa ya siku 60 kwa mkupuo, yaani shilingi 600,000, na kijana wa miaka ishirini, ambaye yamkini hajapata kushika hata laki moja iliyo yake mwenyewe, huamka asubuhi akakuta katika simu ujumbe unaomwambia kuwa sasa ni mkwasi. Fedha hiyo wenyewe huiita bumu. Wengi wao ni wakopaji watakaolipa baadaye. Wachache wanasomeshwa kwa ufadhili usiolipwa, kama ule wa Samia Scholarship ulioanza mwaka huo huo wa 2022/23 kwa ajili ya waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi katika kidato cha sita. Illa mbele ya sahani ya chipsi mkopaji na mfadhiliwa hawatofautiani.

Siku bumu linaposoma, yaani linapoingia kwenye akaunti, haihitaji mpiga mbiu. Habari huenea kabla kipindi cha kwanza hakijakwisha, na mhadhiri mwenye macho huitambua kwa jinsi vichwa vinavyoinama chini ya meza kutazama simu. Kwa wakala wa fedha aliye karibu na lango foleni hufika barabarani, na wakala mwenyewe, aliyekuwa akisinzia juzi, huishiwa noti kabla ya adhuhuri. Muuza chipsi huinjika karai la pili. Kijana wa mitumba, ambaye kwa njia azijuazo yeye hupata habari hizi mapema kuliko uongozi wa chuo, hufungua robota lake chini ya mwembe karibu na mabweni na kupanga viatu jozi kwa jozi juu ya turubai, vikiwa vimepakwa rangi hata vinang'aa. Wali maharage, ambao jana ulikuwa neema, leo hauna mwenyewe. Watu wanataka kuku, wanataka na soda baridi pembeni, na aliyezoea kwenda kwa miguu kutoka darasani hadi geto anampungia bodaboda. Badala ya bando la wiki linanunuliwa la mwezi. Anayedaiwa analipa, anayedai analipwa, na kwa muda wa siku saba au nane chuo kizima hupendana.

Ukirudi pale pale siku ya 45 utadhani watu wamehamishwa. Karai ni moja tena, na halijai. Hapo ndipo wanafunzi husema wako kwenye msoto, na ndipo hupiga pasi ndefu, yaani kula mara moja tu, saa tisa au saa kumi alasiri, ili mlo mmoja ubebe cha mchana na cha usiku, na anayelala mapema huwa amelala si kwa usingizi bali kwa tadbiri.

Wazee wakiitazama hali hiyo hutamka neno moja, israfu, na shutuma hiyo si ya leo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam, chuo chao kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao kupinga masharti mapya ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo miongoni mwake lilikuwamo sharti la kufanya kazi miezi 18 kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Na Mwalimu Nyerere, baada ya kuwasikiliza, aliwarudisha makwao zaidi ya 300, kisha akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwezi wa Februari uliofuata likaja Azimio la Arusha. Tangu wakati huo mwanafunzi anayelishwa kwa kodi ya mkulima ametazamwa kwa jicho la pembeni: kila akionekana na kiatu kipya huulizwa, kwa ulimi au kwa macho, kimetoka wapi. Swali lenyewe ni halali. Lakini wanaouliza hivyo kwa kukumbuka zama zao, wakisema sisi tulisoma bila vishindo hivi, husahau kuwa enzi hizo serikali iligharimia na chuo chenyewe kikapika. Chakula kilimjia mwanafunzi kikiwa chakula, kimepakuliwa, kwa saa maalumu, katika ukumbi wa kulia. Hakukuwa na fedha ya kuchezea wala subira ya kujisifia. Ulipokuja utaratibu wa kuchangia gharama katika miaka ya 1990, na majiko yakaachiwa watu binafsi, mlo uligeuka kuwa noti, na pamoja na noti akakabidhiwa mwanafunzi kazi ambayo zamani ilifanywa na mpishi mkuu, mtunza ghala na mhasibu wa chuo.

Tena tufanye hesabu kwa insafu kabla ya kuhukumu. Chakula na malazi vimo katika shilingi 10,000 hiyo hiyo. Aliyebahatika kupata kitanda katika mabweni ya chuo, kama yale ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaliyofunguliwa 2017 na kuchukua wanafunzi 3,840, ana nafuu kubwa. Asiyepata huenda kupanga chumba mtaani, na mwenye nyumba wa mjini hapendi kusikia habari za kulipwa mwezi kwa mwezi, anataka miezi mitatu mbele, na mwingine sita. Basi katika ile 600,000 yaweza kutoka 200,000 au zaidi siku ya kwanza, kwa haki kabisa, na kinachosalia kikigawanywa kwa siku 60 hakifiki 7,000. Humo mtu ale mara tatu, apande daladala, atoe nakala za maandishi, anunue bando, maana masomo yenyewe siku hizi yako ndani ya simu, afue na kunyoa. Sahani ya wali maharage kwa kiasi cha 2,000, mara tatu kwa siku, imekwisha kula 6,000. Mwenye hesabu hiyo hana nafasi ya kuteleza hata mara moja, na vijana huteleza.

Liko na jambo jingine ambalo katika mahubiri ya ubadhirifu halitajwi. Bumu likisoma chuoni husoma na nyumbani. Mama anapiga simu kusalimia tu, na katika kusalimia inapita habari kwamba mdogo wako karudishwa shule kwa ajili ya sare, na kwamba bati la jikoni limeng'olewa na upepo. Hakuna aliyeomba, lakini kila mtu amesikia. Mtoto wa mkata aliyefika chuo kikuu ndiye mwenye kipato cha fedha taslimu kilicho kikubwa kuliko vyote katika nyumba yao kwa siku hiyo, na akituma 50,000 au laki haiponi hesabu yake ya wiki ya sita. Mimi sikubali kuiita israfu. Anayeiita hivyo hajapata kuwa mtoto wa kwanza.

Hata hivyo ipo israfu ya kweli, na kuikana ni kuwadanganya vijana. Viatu vya turubai havikununuliwa kwa sababu vya zamani vimetoboka. Sherehe ya kuzaliwa ya rafiki, iliyochangiwa 20,000 kwa kila kichwa ili picha zipendeze, haikumlisha mtu. Muradi wangu ni kuuliza kwa nini kijana yule yule aliyejizuia miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita, akiamka saa kumi alfajiri kwa maji ya baridi na kuacha kila starehe kwa ajili ya mtihani mmoja, hushindwa kujizuia mbele ya chipsi kuku. Haiwezekani kuwa nafsi yake ilidhoofika njiani kuja chuoni.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu. Mwisho wa miaka ya 1960 Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwaweka watoto wadogo wa chekechea mbele ya kitu kitamu, akawaambia kuwa atakayengoja bila kukila mpaka mkubwa arudi atapewa cha pili. Waliongoja walionekana katika miaka ya baadaye kufanya vizuri zaidi shuleni, na dunia ikashika hapo ikasema: kujizuia ni kipaji, aliye nacho atafaulu. Somo hilo likasimuliwa na kusimuliwa. Lakini 2018 watafiti wengine walipolirudia jaribio hilo kwa watoto zaidi ya 900 na kuzingatia hali ya nyumba walizotoka, ule uhusiano ukapungua mno; na kabla yake, 2013, Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester walikuwa wamefanya jaribio dogo la watoto 28 ambalo kwangu ndilo lenye fundisho zaidi. Nusu ya watoto kwanza waliahidiwa rangi nzuri za kuchorea, nazo zikaletwa. Nusu waliahidiwa, na mkubwa akarudi mikono mitupu akiomba radhi. Kisha wote wakawekewa kitu kitamu na kuambiwa wangoje. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12. Walioahidiwa bure, dakika 3. Mtoto aliyekula upesi hakukosa subira, alikuwa na akili: alikwisha kujifunza kuwa cha kesho hakina mdhamini.

Sasa mwangalie mwanafunzi anayejaribu kuweka akiba katika chumba cha watu wanne. Wiki ya tano imefika, wenzake watatu wamekauka, yeye amebakiwa na 120,000. Wanajua. Hawana haja ya kuambiwa, maana wanamwona anakunywa chai asubuhi. Mmoja anaomba 10,000 mpaka bumu lijalo, wa pili anaumwa kweli na anahitaji dawa, wa tatu haombi chochote bali anakaa kitandani akitazama ukuta wakati mwenziwe anakula. Na katika malezi yetu mtu hali peke yake mbele ya mwenye njaa. Mwisho wa wiki ya sita wote wanne wako sawa, na mwenye akiba amejifunza kuwa fedha aliyoitunza haikuwa yake, ilikuwa bima ya wenzake. Muhula unaofuata atanunua viatu mapema. Kiatu hakiazimwi kwa ajili ya kupikwa. Kutokana na hayo naona kuwa baadhi ya matumizi yale ya siku za mwanzo, yanayoonekana kama wazimu, ni njia ya mtu kuinyakua haki yake kabla haijawa ya umma, na mawaidha ya iktisadi yasiyolijua hilo hupita juu ya vichwa vya wasikilizaji.

Wako wanaofika siku ya 60 salama, na nimevutiwa zaidi na hao kuliko na wanaoanguka. Ukiwauliza, hawazungumzi habari za moyo mgumu. Karibu na kila chuo yuko mama lishe mwenye daftari la kurasa za mraba, jalada limeng'oka na kushonwa kwa uzi, ambamo kila mteja ana ukurasa wake: jina la utani, namba ya chumba, na mistari midogo inayokatwa mitano mitano. Wengi hudhani daftari hilo ni la madeni, na ndivyo lilivyo kwa baadhi ya kurasa. Lakini kurasa nyingine zinasomwa kinyume, kwa kuwa mwenyewe siku ile ile bumu liliposoma alikwenda moja kwa moja akalipa milo 50 ya mchana, na kila mstari unaokatwa ni mlo aliokwisha kuulipia. Mama naye hupenda mpango huo kwa kuwa unampatia mtaji wa kununua mchele kwa jumla, na mteja wa ukurasa huo aghalabu hukuta kipande cha mchicha kimezidi kidogo. Katika mageto mambo huenda kwa njia nyingine: wanne wanachanga, wananunua gunia la mchele, ndoo ya maharage, dumu la mafuta na mtungi wa gesi, wanapanga zamu za kupika, na baada ya hapo mtu anaweza kutapanya kilichobaki apendavyo, usiku bado atakula. Wasichana wengi hucheza upatu, mchezo kama wauitavyo, ambao kijumbe wake ni mkali kuliko afisa yeyote wa benki. Na nimemjua mmoja aliyemtumia shangazi yake huko Tanga 200,000 kila bumu lilipotoka, kwa masharti kwamba amrudishie kwa mafungu kuanzia wiki ya tano. Siku alipopiga simu wiki ya tatu kwa ulimi mtamu, shangazi alimwuliza hali, akamwombea dua njema, akakata.

Katika hao wote sioni mtu aliyepigana na hawaa ya nafsi yake kila siku kwa siku 60 na kushinda. Walipigana siku moja, ya kwanza, tumbo likiwa limeshiba, wakaiondoa fedha mikononi.

Jambo hilo hilo limechunguzwa karibu na kwetu, kwa wakulima wa mahindi wa Busia, magharibi ya Kenya. Wakulima hao waliijua faida ya mbolea na wengi walisema wangeitumia msimu ujao, ila msimu ulipofika hawakuwa na fedha, ilhali wakati wa mavuno walikuwa nazo. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, katika utafiti uliotolewa 2011, walieleza jinsi mpango mmoja ulivyowaendea wakulima hao mara tu baada ya mavuno na kuwapa nafasi ya kulipia mbolea papo hapo, kwa bei ile ile ya kawaida, waletewe bure wakati wa kuihitaji. Na watumiaji wakaongezeka kwa kiasi kisichopungua kile ambacho kingepatikana kwa kuwapunguzia nusu ya bei wakati wa kuitumia. Bei haikuguswa, wala hakuna aliyehutubiwa juu ya uvivu. Kilichobadilishwa ni wakati wa kulipa. Mkulima wa Busia ana watoto, ana mvi, ana miaka ishirini ya kulima, na bado fedha ya mavuno ilimponyoka. Tunashangaa nini kwa kijana ambaye haya ndiyo mavuno yake ya kwanza?

Pahali pamoja sina upole. Kubeti. Nimeona kuwa mikeka, yaani tiketi za kubeti, haisukwi sana katika wiki ya neema. Husukwa katika wiki za msoto, mtu aliyebakiwa na 3,000 anapojipigia hesabu kuwa 3,000 haitamfikisha popote ila timu tano zikishinda itageuka 90,000. Hesabu hiyo ina mantiki ya mtu anayezama, na wenye biashara hiyo wanaifahamu vizuri kuliko wahadhiri wa saikolojia. Baada ya mkeka kuchanika hufuata mkopo wa simu, na baada ya mkopo wa simu, kwa wachache, wale wakopeshaji wa mtaani ambao watu wameiita mikopo yao kausha damu, wanaoshika kompyuta mpakato kuwa rehani na kudai riba kwa wiki. Hapo bumu lijalo limekwisha kuliwa kabla halijasainiwa. Chuo kinachowaita wanafunzi ukumbini kuwahutubia juu ya nidhamu ya fedha, na mabango ya kubashiri yakiwa yamezunguka lango lake, kinajichosha.

Wapo wanaopendekeza bumu ligawanywe mwezi kwa mwezi, na mimi ni mmoja wao, ingawa hoja za wapinzani si za kipuuzi. Mwenye nyumba, kama tulivyosema, hataki mwezi kwa mwezi. Gunia la mchele halinunuliwi kwa kilo. Zaidi ya hayo, kila malipo ni nafasi ya kuchelewa, na mwanafunzi aliyepata kungoja wiki mbili za ziada kwa ajili ya malipo ya robo hatapenda kusikia kuwa atangoja mara mbili zaidi. Basi njia iliyo karibu yaweza kuwa ya kumwachia mwenyewe achague siku ya kusaini: atake yote, au atake nusu sasa na nusu siku ya 30, bila kuweza kugeuza neno lake katikati. Simu zinazoweza kukopesha kwa sekunde kumi zinaweza kuchelewesha kwa siku thelathini.

Watakaosema mwanafunzi ni mtu mzima, aachwe ajipangie, wana haki ya kusikilizwa, lakini na waitazame Bodi yenyewe inapofika zamu yake ya kulipwa. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, kiwango kilichopandishwa kutoka asilimia 8 mwaka 2016, na anayekata ni mwajiri, kabla mshahara haujafika benki. Hakuna anayemwuliza mhitimu kama ana subira, wala kama mwezi huu ana harusi ya dada yake. Kwa wasio na mwajiri, wanaotakiwa kuleta wenyewe kwa hiari yao, Bodi imepata taabu hata kufikia kuchapisha majina ya wadaiwa magazetini. Mtumishi wa serikali anayelipa bila kukosa mwezi mmoja na mfanyabiashara aliyetangazwa gazetini huenda walikaa bweni moja, wakapiga pasi ndefu pamoja, na kuandikwa katika daftari la mama lishe mmoja.